Utamu Wenye Ugwadu: Kuchagua na Kunywa Riesling ya Nchi za Baridi

Ukishika chupa ya Riesling dukani na hujui kama iliyomo ni tamu au la, acha kwanza jina la shamba, acha picha ya ngome na maandishi ya kizamani, utafute namba ndogo iliyochapwa pembeni mwa lebo: kiwango cha kilevi. Ukikuta asilimia 12 au zaidi, mara nyingi mvinyo huo ni mkavu, yaani chachu imekula sukari yote au karibu yote. Ukikuta 10 au 11, huenda kuna sukari kidogo imeachwa. Ukikuta 7.5, 8 au 8.5, sukari imebaki ya kutosha kuisikia waziwazi. Hesabu yake ni nyepesi. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu, chachu ikizila, hutoa asilimia moja ya kilevi. Kilevi unachokikosa kwenye namba ile kiko ndani ya chupa bado, kikiwa sukari.

Nazungumzia hapa chupa za namba hizo za chini: Riesling yenye utamu kiasi kutoka mashamba ya nchi za baridi. Nimekuwa nikiinywa kwa zaidi ya miaka kumi, tangu nilipokwenda kufanya kibarua cha kuvuna zabibu kando ya mto Mosel nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani, na sijapata mvinyo mwingine unaoelewana na mapishi yetu ya nazi, ukwaju na pilipili kama huu. Ndiyo maana huniuma kuusikia ukidharauliwa, na hudharauliwa sana. Kuna hoteli moja niliwahi kuuagiza, mhudumu akainama na kuniambia kwa upole kwamba huo ni mvinyo wa wanaoanza, akanipendekezea mweupe mkavu wa asilimia 13.5. Niliona haya kubishana. Nikala nao kamba wa pilipili, na mdomo ukawaka moto tangu tonge la kwanza hadi nilipoomba maziwa.

Kosa la yule mhudumu ni la watu wengi: wanauonja utamu peke yake, kana kwamba ndiyo ladha yote iliyomo. Fikiria juisi ya ukwaju. Loweka ukwaju, chuja, onja kabla hujatia sukari. Meno yanaingia ganzi. Tia kijiko kimoja, koroga, onja. Tia cha pili. Hufika mahali ile juisi haiitwi kali wala haiitwi tamu, inaitwa ukwaju tu, na mtu anamaliza bilauri akiomba nyingine. Ongeza vijiko vingine vitatu, inageuka sharubati ya kuchosha. Sukari haikubadilika tabia kati ya kijiko cha kwanza na cha tano. Kilichobadilika ni uwiano wake na ule ugwadu unaovuta taya. Riesling nzuri yenye utamu kiasi imesimama mahali pale pa kijiko cha pili, na mtu aliyekulia kwenye embe mbichi ya chumvi na pilipili, achari ya ndimu na mbirimbi ameshaufundisha ulimi wake kazi hiyo tangu utotoni.

Kwa namba ni hivi. Riesling ya nchi ya baridi hubaki na asidi nyingi, gramu 7, 8 hata 9 kwa lita. Chupa yenye gramu 20 za sukari kwa lita na asidi kiasi hicho, wengi huinywa wakaapa kwamba ni karibu mkavu. Weka gramu 20 hizo hizo kwenye mvinyo wenye asidi gramu 5, utausikia umelala ulimini kama maji ya miwa yaliyopoa. Na tusitishwe na neno sukari: glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa gramu 20 ina gramu 3 tu, hazijazi kijiko cha chai. Mvinyo wa gramu 40, ambao tayari ni mtamu wa kuonekana, una gramu 6 kwa glasi. Soda ya kawaida hubeba kama gramu 100 kwa lita. Mwenye kisukari lazima ahesabu hata hizo chache, na azungumze na daktari wake kuhusu kilevi chenyewe kabla ya sukari.

Sasa nikupeleke Mosel, maana bila kupaona ni vigumu kuelewa kwa nini zabibu hii inakuwa hivi.

Mto huu unaanzia milima ya Vosges nchini Ufaransa, unapita Trier, kisha unajipinda na kujipindua kama nyoka aliyekanyagwa hadi unapoungana na Rhein pale Koblenz. Uko karibu na nyuzi 50 kaskazini ya ikweta, mahali ambapo kwa karne nyingi mzabibu ulikuwa unafika mwisho wa uwezo wake wa kuivisha matunda. Watu wakatafuta kila namna ya kuiba joto. Walipanda kwenye miteremko inayotazama kusini, jua lilipige shamba usoni badala ya kulipitia juu kwa mshazari. Na miteremko hiyo ni mikali kweli: Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, hufika nyuzi 65, na hutajwa kati ya mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya. Chini, mto unarudisha mwanga. Ardhini hamna udongo wa kusema udongo. Kuna sleti, lile jiwe la kupasuka bamba bamba ambalo zamani lilichongwa vibao vya kuandikia watoto wa shule. Sleti inanyonya joto la mchana na kulitoa usiku taratibu, kama jiko la mkaa lililoachwa lizimike lenyewe.

Siku yangu ya kwanza ya kuvuna ilikuwa Oktoba, ukungu bado umelala juu ya mto. Nilipewa mkasi mdogo na ndoo, nikapangiwa mstari. Kila mzabibu ulikuwa umefungwa kwenye mti wake mmoja, matawi mawili yamekunjwa kushuka na kufungwa yakafanya umbo la moyo. Ukikata kichala ndoo inataka kuviringika; ukiishika ndoo, mguu unateleza kwenye vibamba vya sleti vinavyolia kama vigae. Nilijifunza kuegemeza goti upande wa juu wa mlima. Saa nne ukungu ulipoondoka nikashika jiwe, lilikuwa na joto, na huku hewa niliyokuwa nikivuta ilikuwa inauma puani. Nikala zabibu moja. Ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya asali upande wa jua, na kijani upande wa kivuli. Tamu kama sukari guru, halafu ghafla kali, mate yakajaa mdomoni. Mzee mwenye shamba aliniona nikikunja uso, akasema neno moja ambalo sijalisahau: kwamba upande wa kijani ndio anaoulipia vibarua.

Alimaanisha asidi. Zabibu ikiiva hufanya mambo mawili kwa pamoja: inakusanya sukari, na inapoteza asidi. Asidi ya maliki, ile iliyomo ndani ya tufaha bichi, hutumiwa na tunda lenyewe linapopumua, na joto likiwa kubwa usiku na mchana huisha upesi. Mahali pa baridi tunda linapumua polepole. Riesling kwa asili yake huchelewa kuiva, kwa hiyo inaning'inia mtini hadi Oktoba, wakati mwingine hata Novemba, ikikusanya harufu wiki baada ya wiki bila kupoteza ukali wake. Wenzetu wa Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Mosel hawezi hata kuliota, lakini mzabibu wao haupati ule mwezi mzima wa usiku wa baridi kabla ya kuvunwa. Ndiyo sababu Dodoma wana zabibu zao zinazowafaa, na Chenin Blanc iliyopandwa huko, ambayo nayo kwa kawaida hushika asidi yake vizuri, ndiyo jamaa wa karibu ninayemshauri mtu aanze naye kama Riesling haipatikani alipo.

Riesling ni zabibu ya Kijerumani kwa kuzaliwa na kukua. Jina lake limeonekana kwenye hesabu za mwaka 1435, za ghala la mabwana wa Katzenelnbogen pale Rüsselsheim, na mwaka 1787 Clemens Wenzeslaus, askofu mkuu aliyekuwa pia mtawala wa Trier, aliamuru mizabibu duni ing'olewe Mosel na mahali pake ipandwe iliyo bora. Amri hiyo ilisaidia sana kuifanya Riesling itawale bonde lile. Utamu wenyewe ulikuja kwa sehemu kubwa kutokana na baridi tu. Mvinyo uliwekwa kwenye mapipa ya lita 1000 hivi, yanayoitwa Fuder, ndani ya maghala yaliyochimbwa ardhini. Desemba ikiingia, ghala linapoa, chachu inalegea na kulala kabla haijamaliza sukari. Siku hizi mwenye ghala halazimiki kusubiri hali ya hewa: anaonja kila siku, na mara uwiano unapomridhisha anaupoza mvinyo, anatia dioksidi ya salfa kidogo, anauchuja chachu itoke. Wengine huuacha ukauke kabisa kisha wakaurudishia maji ya zabibu ambayo hayakuchachuka. Njia ya kwanza ndiyo niipendayo, kwa sababu kilevi kinabaki chini na mvinyo unabaki mwepesi. Lakini nimeshaonja wa njia ya pili uliotengenezwa kwa uangalifu nikashindwa kuutofautisha.

Lebo za Ujerumani zinaogopwa kuliko zinavyostahili. Maneno ya kujua ni machache. *Trocken* ni mkavu. Sheria inaruhusu hadi gramu 9 za sukari kwa lita, mradi asidi iwe ya kutosha. *Halbtrocken*, nusu mkavu, huweza kufika gramu 18. *Feinherb* halina mpaka uliowekwa kisheria; watengenezaji hulitumia kwa mvinyo wa katikati, mara nyingi mtamu kidogo kuliko halbtrocken, na kama hujawahi kunywa Riesling yenye utamu kiasi, neno hilo ndilo ningekuambia ulitafute kwanza. Halafu kuna *Kabinett*, *Spätlese* na *Auslese*. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana haya hayasemi mvinyo ni mtamu kiasi gani. Yanasema zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa, kwa kipimo cha Oechsle ambacho hulinganisha uzito wa maji ya zabibu na uzito wa maji ya kawaida: lita moja yenye Oechsle 80 ina uzito wa gramu 1080. Mtengenezaji akitaka anaweza kuchukua zabibu za Spätlese na kuziacha zikauke kabisa, akaandika Spätlese trocken. Kwa hiyo soma maneno mawili kwa pamoja. Kabinett ya Mosel isiyoandikwa trocken wala feinherb, yenye asilimia 8 hivi, ni tamu na nyepesi. Spätlese ya namna hiyo ina mwili zaidi na utamu zaidi. Auslese ningeiacha kwa siku nyingine, ni ya kunywa kidogo kidogo na kwa utulivu.

Majina marefu yanayobaki ni ya kijiji na shamba. Kijiji hupata kiambishi *-er* mwishoni, kwa hiyo Wehlener Sonnenuhr ni shamba la Sonnenuhr la kijiji cha Wehlen. Sonnenuhr maana yake ni saa ya jua, na saa yenyewe ipo, imechorwa kwenye mwamba katikati ya mizabibu. Jodocus Prüm aliijenga mwaka 1842 ili waliokuwa shambani wajue saa. Jina kama hilo kwenye chupa linakupa mahali halisi, mteremko ambao unaweza kusimama ng'ambo ya mto ukaunyooshea kidole. Erdener Treppchen, Ürziger Würzgarten, Scharzhofberg ya bonde la Saar, zote ni hivyo. Ukiona chupa ya bei ya chini sana yenye jina la kupendeza lakini haitaji kijiji wala shamba, jua kwamba huenda umo mchanganyiko wa zabibu nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 dunia ilijazwa mvinyo wa namna hiyo, Liebfraumilch ikiongoza, mwingi wake ukiwa wa zabibu ya Müller-Thurgau, mtamu na usio na asidi ya kuubeba. Dharau ya yule mhudumu wangu ilizaliwa huko, na kwa mvinyo ule alikuwa na haki nayo. Hakikisha tu kwamba neno Riesling limeandikwa.

Msomaji uliyeko Marekani au Kanada huna haja ya kuvuka bahari. Jimbo la New York lina eneo la Finger Lakes, maziwa marefu membamba yaliyochongwa na barafu ya kale. Ziwa Seneca lina kina cha karibu mita 188. Maji mengi kiasi hicho hayapoi upesi wala hayapati joto upesi. Majira ya vuli hewa inapopoa, maji hayo yanatoa joto kwa mizabibu iliyo juu yake, na majira ya kuchipua yanaizuia isitoe machipukizi mapema ikaunguzwa na jalidi. Konstantin Frank, mtaalamu wa mizabibu mwenye asili ya Ukraine aliyehamia Marekani mwaka 1951, ndiye aliyewashawishi watu kwamba mizabibu ya Ulaya ingeweza kuhimili baridi ile kama ingeunganishwa na mashina yanayofaa, naye akaanzisha shamba lake kwenye Ziwa Keuka mwaka 1962. Riesling za huko zenye utamu kiasi huwa na ndimu na pichi, na ukali safi wa kupendeza. Zingine utazipata Ontario, kwenye rasi ya Niagara, na Michigan pembezoni mwa maziwa makuu. New Zealand nako wanazitengeneza vizuri, hasa upande wa kusini. Za Australia, kutoka Clare na Eden, kwa kawaida ni kavu kabisa. Nzuri, lakini ni habari nyingine. Alsace ya Ufaransa nako nyingi ni kavu.

Chupa nyingi za Marekani na nchi nyingine hubeba kwa nyuma mstari mdogo wenye alama, ulioandaliwa na shirika la kimataifa la Riesling. Mstari huo haupimi sukari peke yake. Unapima sukari ikigawanywa kwa asidi: sukari isipozidi asidi, mvinyo ni mkavu, ikiwa kati ya mara moja na mara mbili ya asidi, ni nusu mkavu, ikifika mara nne, ni nusu tamu, ikizidi hapo, ni tamu. Kisha kiwango cha pH huweza kuisogeza alama mbele au nyuma. Ni kipimo cha juisi ya ukwaju hasa, na natamani kila chupa duniani ingekuwa nacho.

Kwa wanaonunua Afrika Mashariki, hatari kubwa ni joto. Mvinyo huu ulizaliwa baridini na unaumia upesi kwenye kontena bandarini au kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua. Usinunue chupa iliyosimama dirishani, hata ikiwa imepunguzwa bei. Ukiona koki imesukumwa juu kidogo, au kuna michirizi ya utomvu chini ya kifuniko, iache. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha haina ubaya wowote, tena inaepusha ile harufu ya gunia bovu ambayo koki mbaya huleta. Ukifika nayo nyumbani ilaze mahali pa giza na penye hewa ya baridi kuliko sehemu nyingine za nyumba. Juu ya friji hapafai, ingawa najua ndipo chupa nyingi zinapokaa. Kule nyuma ya friji kunatoa joto mchana na usiku.

Unywe ukiwa na baridi ya nyuzi 8 hadi 10. Friji ya kawaida iko karibu na nyuzi 4, na mvinyo ukitolewa humo moja kwa moja harufu yake imefungwa na ugwadu unaonekana mkali kuliko ulivyo. Uache mezani dakika kumi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa zinatosha, hata zinazidi. Ukiwa na haraka ya kuupoza, tia barafu na maji nusu kwa nusu ndani ya ndoo, nyunyizia konzi ya chumvi, zamisha chupa hadi shingoni kwa robo saa. Barafu peke yake bila maji haipozi upesi, kwa sababu haigusi chupa kila upande. Na usitie barafu ndani ya glasi. Glasi yenyewe iwe na tumbo dogo na mdomo unaojikunja ndani kidogo, ijazwe theluthi tu, ili harufu ipate mahali pa kukusanyika.

Ukiuonja kwa mara ya kwanza, nusa kwanza. Utapata ndimu, tufaha la kijani, pichi, pengine ua jeupe, na katika za Mosel kitu kama harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua baada ya jua. Kisha kunywa funda dogo, lizungushe, limeze, ukae kimya kwa pumzi tatu. Utamu unatangulia. Ugwadu unafuata pembeni mwa ulimi, mate yanajaa, na mwishoni mdomo unabaki msafi kama uliotafuna tufaha. Ukibaki umenata kama uliokunywa sharubati, basi chupa hiyo ina upungufu wa asidi, na hakuna jina la shamba litakaloiokoa.

Chakula sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Pilipili inawasha kwa sababu kemikali yake inaamsha mishipa ya mdomoni inayohisi moto. Kilevi nacho huamsha mishipa hiyo hiyo. Mimina mvinyo wa asilimia 14 juu ya mchuzi wa pilipili, umeongeza kuni. Riesling ya asilimia 8 inakuja na kilevi kidogo, sukari yake inatuliza, ubaridi wake unatuliza pia. Ule mkavu wa hotelini ndio ulioniongezea kuni kwenye wale kamba. Nilipopika kamba hao nyumbani baadaye, kwa kitunguu saumu, ndimu na pilipili mbuzi mbili, nikafungua Kabinett, nilisikia ladha ya kamba wenyewe, utamu wao wa bahari, ambayo siku ile sikuisikia hata kidogo.

Samaki wa kupaka ndiye ningemweka mbele ya wote. Nazi ina mafuta, na mafuta yanahitaji kitu cha kuyakata. Ukwaju au ndimu iliyomo inahitaji mvinyo wenye asidi isiyopungua yake, la sivyo mvinyo unaonekana maji matupu. Na ngozi ya samaki iliyoungua kidogo mkaani inaupenda ule utamu. Feinherb au Kabinett, zote zinafaa. Urojo wa Zanzibar nao, wenye embe mbichi na bajia, unakubali kwa sababu hizo hizo. Biriani ya kuku naipendekeza kwa Spätlese, maana vitunguu vilivyokaangwa hadi vikageuka hudhurungi vina utamu wao na mvinyo unapaswa kuufikia. Pilau ni ngumu zaidi: karafuu na bizari nyembamba hukausha mdomo, kwa hiyo kachumbari isikosekane, na chagua chupa isiyo tamu sana. Wanaokula kitimoto watakuwa wanakula kama watu wa Mosel wenyewe, ambao nyama ya nguruwe na Riesling kwao ni jambo la kila Jumapili. Dagaa wa kukaanga wenye chumvi na ndimu wananifurahisha kuliko vitafunwa vyovyote vya hotelini. Nyama choma ya ng'ombe nisingeipa mvinyo huu. Nyama ile inataka mwekundu.

Tahadhari moja: usiunywe na kitu kitamu kuliko wenyewe. Kaimati, visheti, keki ya harusi, vyote vitaunyang'anya utamu wake na kukuachia ukali mtupu, nawe utadhani umeharibika. Embe bivu tu ndilo nimeona linavumiliana na Auslese, tena embe lisiwe dodo lililoiva kupita kiasi.

Uzuri mwingine wa kilevi kidogo ni kwamba chupa nzima ya mililita 750 yenye asilimia 8 ina mililita 60 za kilevi halisi, wakati ya asilimia 14 ina 105. Watu wanne wakigawana ya kwanza kwenye chakula cha mchana, kila mmoja amekunywa kidogo kweli. Hata hivyo ni kilevi, na anayeendesha gari asinywe. Kwa kuwa unashuka kama juisi, unahitaji kuhesabiwa zaidi. Weka jagi la maji mezani tangu mwanzo. Ukibaki, funga chupa, rudisha kwenye friji. Asidi na sukari vinaulinda, nao hudumu siku nne au tano bila kuchoka. Kesho yake mara nyingi nauona umefunguka zaidi.

Kuna mambo mawili yanayowatisha watu bure. La kwanza ni vipande vinavyong'aa chini ya chupa au kwenye koki, kama chembe za kioo. Ni chumvi ya asidi ya tartariki iliyoganda kwa baridi. Haidhuru, mimina taratibu uiache chini. La pili ni harufu ya mafuta ya taa. Riesling ikikaa miaka, hutengeneza kemikali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi TDN, na pua zetu huisikia hata ikiwa chembe tu. Zabibu zilizopigwa na jua kali huwa nayo zaidi. Ikiwa inazidi kila kitu kwenye chupa changa, mimi siipendi. Lakini katika chupa ya miaka kumi au kumi na tano, ikiwa nyuma ya asali, ganda la chungwa lililokauka na nta, inakuwa sehemu ya heshima yake, kama harufu ya moshi kwenye maziwa ya kibuyu.

Na mvinyo huu unazeeka vizuri ajabu, kwa sababu asidi na sukari vyote viwili vinautunza. Kadiri miaka inavyokwenda utamu wake husikika kidogo zaidi, ingawa sukari ile ile imo bado. Kwa hiyo ukipata Kabinett au Spätlese ya kijiji na shamba linalojulikana, na mfuko ukiruhusu, nunua mbili za mwaka mmoja. Moja ifungue mwezi huu, na samaki. Nyingine andika tarehe kwa kalamu kwenye kona ya lebo, iviringe kwenye gazeti, ilaze kwenye chumba cha baridi kuliko vyote ulivyo navyo, na umwambie mmoja wa nyumbani mahali ilipo, kwa sababu miaka minane ni mingi na watu huhama nyumba.